Walburga wa Liuli, Wakala wa Nusu Nauli

Wananchi wote, kuanzia milima ya Umatengo hadi mchanga wa Liuli, wanatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Ofisi Kuu ya Uwakala wa Safari za Majini, Pwani yote ya Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, imefunguliwa rasmi asubuhi hii, na Mkuu wake amekwisha kuketi kitini.

Ofisi yenyewe ni kivuli cha mtumbwi mbovu ulioegeshwa juu ya magogo mawili. Kiti ni debe la mafuta ya taa lililopinduliwa. Mkuu ni Mama Walburga Ndunguru, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, naye kwa sasa anapigania kofia ya abiria iliyo mdomoni mwa mbuzi.

"Achia! Nauli hujalipa, na bado unakula mizigo ya watu!"

Mbuzi anaachia. Kofia imepungua ukingo mmoja. Kazi ya siku inaanza.

Meli iitwayo Ruhuhu hupita Liuli mara moja kwa juma ikielekea kaskazini, kupitia Manda na Lupingu hadi Itungi. Leo ndiyo siku yake. Mchangani pamejaa mabegi, magunia ya mahindi, vikapu vya dagaa wakavu aina ya usipa, na kuku waliofungwa miguu ambao wamekata tamaa na dunia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulala sitahani akipigwa na upepo wa Nyasa, inafaa kueleza kazi ya mama huyu. Nauli ya sitaha, safari hiyo, ni shilingi kumi na nne. Lakini kanuni za meli zinasema kwamba kikundi cha watu ishirini wanaosafiri pamoja kitalipa nusu. Tena kikundi hupewa birika la chai ya maziwa, hupewa nafasi karibu na bomba la moshi ambako usiku kuna joto, na kiongozi wake husafiri bure.

Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya kwaya, timu za mpira na wanafunzi. Mama Walburga hana kwaya wala mpira. Anachofanya ni kuwakusanya watu wasiojuana na kuwafanya kikundi kabla meli haijapiga honi.

"Mimi sibuni kitu," anasema, huku akimsogeza mtu mmoja kutoka juani. "Bei ya chini ipo. Ilikuwa imefichwa juu kwa wakubwa. Mimi nimeishusha tu."

Kwa kila kichwa anachokiunganisha hulipwa senti hamsini. Kikundi kikitimia, ana shilingi kumi kwa juma. Kisipotimia, hana kitu. Masika ya mwaka jana alikaa majuma matatu mfululizo akirudi nyumbani na debe lake tu.

Mumewe, Mzee Aloyce, fundi wa mitumbwi na Mnyasa wa hapa hapa Liuli, amezoea. "Nilioa mkulima kutoka milimani," anasema bila kuacha kuchonga. "Siku moja nikaamka, nikakuta nimelala na wakala."

*

Mama Walburga alizaliwa Namswea, kwenye mlima ambako ukoo wote huishi kwenye kilima kimoja, na mtu akikohoa upande huu, shangazi yake upande wa pili anamwandalia dawa. Alipoletwa pwani kama bibi arusi hakujua hata kushika kasia.

"Walinicheka miaka miwili," anasema. "Mmatengo kaja ziwani na koti! Niliwaacha wacheke. Anayekucheka hana nafasi ya kukuibia."

Biashara aliigundua mwaka wa 1965, alipompeleka mama yake mgonjwa Itungi. Walilipa nauli kamili, wakalala upande wa upepo. Hatua chache kutoka pale, wanakwaya fulani walikuwa wamejinyoosha kwenye joto la bomba, wakinywa chai. Akamfuata mwalimu wao.

"Nikamwuliza, 'Baba, mnaimba nini kinachowapunguzia nauli namna hii?' Akacheka. Akasema si kuimba, ni kuwa ishirini. Nikamwuliza, 'Na ishirini wasiojua kuimba?' Akafikiri, akasema kanuni haitaji nyimbo."

Aliporudi Liuli alipindua debe. Baadaye karani wa zamani wa meli, aliyechoka kubishana naye, akamwandikia kibali cha uwakala ili angalau abishane kwa utaratibu.

Karani huyo amestaafu. Aliyeshika nafasi yake ni Bwana Edmund, kijana nadhifu aliyehamishwa kutoka Mwanza, ambaye kila sentensi yake ya tatu huanza na maneno "kule Ziwa Viktoria".

Miezi miwili iliyopita Bwana Edmund alitangaza kwamba yeye hatambui kikundi kisicho na shughuli. Mama Walburga akamjibu palepale kwamba hawa ni kwaya. Bwana Edmund akakunja mikono, akasema, "Vizuri. Imbeni."

Kulikuwa na Waanglikana wa pwani, Wakatoliki wa milimani, na wafanyakazi wa serikali Waislamu kutoka mikoa ya mbali. Hakuna wimbo wa dini uliowakutanisha. Wakatazamana. Ndipo mvuvi mmoja, kwa woga mtupu, akaanzisha ule ukelele wa kuvutia mtumbwi nchi kavu:

"Vuta! Mkwe anatazama!"

"Hee!" wakaitikia wote, maana hakuna aliyekaa pwani hata siku mbili asiyeombwa kusaidia kuvuta mtumbwi.

"Vuta! Kitambi kimemshinda!"

"Hee!"

Nahodha alicheka hadi akakaa chini. Kikundi kikalipa nusu. Bwana Edmund hakucheka, wala hakusahau. Juma lililopita alimwambia Mama Walburga mbele za watu: "Safari ijayo nitashuka nihesabu vichwa mwenyewe, hapa mchangani. Kikipungua kimoja, kila mtu atalipa nauli kamili, na kibali chako nitaondoka nacho."

"Njoo na vidole vyote," Mama Walburga alimjibu. "Ishirini inahitaji vya mikono na vya miguu. Vua viatu kabisa."

Siku yenyewe ni leo.

*

Saa mbili na nusu, hesabu imetimia. Wapo ishirini wenye nauli, na yupo kiongozi wa msafara. Kiongozi ni Zita, mwanamke mwembamba kutoka Lupingu, ametoka hospitali na mtoto mchanga na hana senti ya kumrudisha kwao. Tiketi ya bure ya kiongozi Mama Walburga huitumia hivyo kila juma: humpa asiye na njia nyingine.

"Wengine wananiambia niiuze," anasema. "Nawaambia niuzeni mimi kwanza."

Mwandishi wa habari hizi, ambaye alifika Liuli jana jioni na kujitambulisha kwa unyenyekevu kuwa ametumwa na gazeti kubwa la Dar es Salaam, amekwisha kukaribishwa ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa wa kuchoma, na kwa sasa anashuhudia mambo kwa makini huku akinyonya mfupa.

Honi inalia. Meli inajitokeza, nyeupe, inapunguza mwendo na kutia nanga mbali na ufuko, kama ifanyavyo siku zote, kwa kuwa Liuli haina gati. Boti ndogo inateremshwa ubavuni.

Hapo ndipo Mama Hildegardi anapoinuka. Yeye na mumewe, Mzee Benno, ni wakulima wa kahawa wa Namswea. Wameshuka mlima kwa lori na kwa miguu ili wakamwone binti yao, Tadea, aliyeolewa Manda. Wote wawili wamevaa makoti, na jasho linawatiririka kwa heshima.

"Gati liko wapi?" anauliza Mama Hildegardi.

"Hatuna gati, dada," anasema Mama Walburga. "Meli inasimama kule, boti inawapeleka."

"Kule majini?"

"Meli zote husimama majini, dada."

"Mimi nimekuja kupanda meli. Sikuja kupanda boti ili nikapande meli." Anakaa juu ya begi lake na kukunja koti magotini.

"Mama Tadea," mumewe anamnong'oneza, "usituaibishe. Watu wa pwani wanatutazama."

"Wanitazame. Wakichoka watatazama ziwa."

Wanambembeleza. Bibi Maendeleo wa tarafa, yaani mtumishi wa serikali wa maendeleo ya jamii, Mwanabibi, mwenyeji wa Pangani, anamwapia kwamba boti ile haizami. Mama Hildegardi anamwuliza kama boti yenyewe imeapa. Mvuvi mmoja anajitolea kumbeba mgongoni. Anatazamwa kwa namna inayomfanya akumbuke kwamba ana shughuli kwingine.

Watu wanamgeukia Mama Walburga. Asipopanda mama huyu, wanabaki kumi na tisa. Wengine wana shilingi saba tu mfukoni, hawana kumi na nne. Zita amemkumbatia mtoto na kuangalia chini.

"Mama Walburga, mlazimishe," mmoja anasema. "Ni mtu wa kwenu. Mkamate."

"Simvuti mtu mguu," anasema Mama Walburga. "Mtu aliyevutwa si abiria, ni mzigo. Na mzigo hauhesabiwi." Anamshika bega Mama Hildegardi. "Hata mimi mara ya kwanza nilipanda nikiwa nimefumba macho, dada. Nikashuka bado nimefumba. Kaa. Utalala kwangu."

Anaangaza macho ufukoni kutafuta kichwa kimoja. Kuna mwalimu, lakini anasafiri kwa waranti, ile hati ya nauli inayolipwa na serikali, na wa waranti hawahesabiwi katika kikundi. Kuna mbuzi.

*

Boti inakwama kwenye maji ya magoti. Bwana Edmund anashuka, suruali ameikunja, viatu ameshika mkononi. Si rahisi kumwogopa mtu aliyebeba viatu vyake mwenyewe, lakini abiria wanajitahidi.

"Uhuru na kazi, Mama."

"Kazi na uhuru. Shikamoo umeiacha melini?"

Anasita. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sasa nitukane."

Bwana Edmund anakohoa. "Sikuja kutukana. Nimekuja kufuata utaratibu. Kule Ziwa Viktoria mtu kama wewe hayupo. Nchi hii imekataa makupe, Mama. Azimio la Arusha lina miaka mitatu sasa, na wewe bado unanyonya abiria senti hamsini kila kichwa."

"Kupe hunenepa," anasema Mama Walburga, na kunyoosha mikono yake iliyokauka kama kasia. "Nitazame. Namwokolea mtu shilingi saba, ananipa senti hamsini. Kama huo ni unyonyaji, basi ng'ombe ndiye anayemnyonya kupe."

Watu wanacheka. Bwana Edmund anainua kiatu kuomba kimya.

"Hawa hawajuani! Kikundi ni watu wanaojuana."

"Ndugu yangu, sikiliza." Mama Walburga anasimama juu ya debe, na sauti yake inafika hadi kwa wapiga kasia. "Ninyi wa serikali mmekuja mkatuambia tuhame tukaishi na watu tusiowajua. Tulime nao. Tuwe ndugu. Sawa, tumekubali, wengine tumebeba hata milango ya nyumba zetu. Leo watu hao hao wanasafiri pamoja, unasema ni udanganyifu. Undugu huo unaishia wapi? Kwenye maji?"

"Mjibu!" Mwanabibi anapaza sauti.

"Wewe, Bibi Maendeleo, una waranti?" Bwana Edmund anamgeukia.

"Waranti ya nini? Naenda arusini kwa rafiki yangu. Serikali hainilipii kucheza ngoma. Nihesabu."

"Kiongozi wa kikundi ni nani?"

"Huyu," anasema Mama Walburga, na kumwonyesha Zita, ambaye uchovu umemzidi na amesinzia palepale juu ya gunia.

"Amelala!"

"Si kiongozi wa kwanza kulala kazini."

Bwana Edmund anaanza kuhesabu. Anamgusa kila mtu begani kwa ncha ya kiatu kisafi, bila haraka. Anafika mwisho. Anarudia. Uso wake unatulia kama wa mtu aliyepata kivuli.

"Kumi na tisa."

Anamgeukia Mama Walburga.

"Kumi na tisa, Mama. Nauli ni kamili. Asiye nayo asubiri juma lijalo. Na hicho kibali, tafadhali."

Mama Walburga anafungua fundo kwenye pindo la kanga yake.

"Kibali nitakupa," anasema. "Kazi sikupi. Juma lijalo utanikuta hapa, kwenye debe hili, bila karatasi, na watu ishirini. Na juma litakalofuata. Utachoka wewe kuhesabu kabla mimi sijachoka kukusanya."

"Na huyu je?" Bwana Edmund ameona kalamu iliyochomekwa sikioni. "Huyu wa pembeni ni nani?"

"Mwandishi wa gazeti," watu wanamjibu. "Katoka Dar es Salaam."

"Basi si wenu. Mwandishi analipiwa na ofisi yake." Ananyoosha mkono kupokea kibali.

Mama Walburga hampi. Amegeuka, anamtazama mwandishi wa habari hizi. Si kwa hasira. Anamtazama kama mtu anayepima samaki kabla ya kutaja bei.

"Mwanangu," anasema taratibu, "jana usiku ulifua shati lako ukalianika kwangu. Kwenye kola limeshonwa namba. Nimelea watoto wanne, wawili wamesoma bweni. Hakuna mhariri anayewashonea watu namba kwenye kola."

Mfupa wa mbasa unamponyoka mwandishi na kuanguka mchangani.

"Sikulazimishi," Mama Walburga anaendelea. "Nimesema simvuti mtu mguu. Nyamaza ukitaka. Lakini ukinyamaza, basi uandike kwenye gazeti lako kwamba ulinyamaza."

Kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kueleza, mwandishi anaangalia mambo mawili. Upande mmoja kuna heshima yote ya jiji la Dar es Salaam, ambayo amekuwa akiivaa tangu jana na ambayo imemkaa vizuri kuliko shati lolote. Upande wa pili kuna Zita, ambaye sasa ameamka na hajui kilichotokea, anauliza kama boti imefika.

"Naitwa Crispin Haule," mwandishi anasema, na sauti inamtoka nyembamba isivyopaswa. "Ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Naenda kwetu Manda, likizo. Sina gazeti."

"Sema kwa sauti," anasema Bwana Edmund.

"Sina gazeti! Namba yangu ya dobi ni mia moja na kumi na nne. Nauli aliyonipa baba iko kwenye soksi."

Kicheko kinachofuata kinawashtua hata ndege juu ya maji. Mwanabibi amejishika mbavu. Mzee Benno anapiga goti lake kwa kofi.

"Ndiyo maana!" anasema. "Nilisema jana, mbona mkubwa huyu anakula kama mwanafunzi!"

Mama Walburga hacheki. Amemkazia macho Bwana Edmund.

"Ana waranti?"

"Hana," anakiri Bwana Edmund.

"Ana nauli?"

Soksi inavuliwa. Nauli inaonekana, na harufu yake pia.

"Basi hesabu, mwanangu. Una viatu viwili, tumia cha pili."

Bwana Edmund anamgusa mwanafunzi begani. "Ishirini," anasema, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

Kibali kinarudi kwenye fundo la kanga. Fundo linakazwa mara mbili.

*

Wanapanda boti, mmoja mmoja. Zita anakalishwa katikati na mtoto wake, kama inavyostahili kiongozi. Mzee Benno anapanda akigeuka nyuma kila mara.

"Nenda tu!" mkewe anamwambia kutoka juu ya begi lake. "Mwambie Tadea aje yeye. Yeye ndiye aliyeolewa na maji."

Mama Walburga anasimama maji yakimfika magotini, ameshika ubavu wa boti. Anaulizwa ana mpango gani, maana juma lijalo Bwana Edmund atarudi na kanuni mpya.

"Arudi nayo. Kanuni ikiwa mpya ina tundu jipya," anasema. "Lakini mimi nataka kubwa zaidi. Nataka gati. Dada yangu yule hakukosa akili. Kwa nini mtu alipe nauli ya meli halafu aruke ndani ya boti kama chura? Baada ya mavuno nakusanya watu ishirini, wa kijiji jirani cha Kihagara, wa hapa, na wa Namswea, twende Songea kwa wakubwa wa mkoa tukadai gati."

"Kwa basi?"

"Kwa basi."

"Basi nalo lina bei ya kikundi?"

"Litakuwa nayo," anasema, na kuisukuma boti.

Kisha anaita tena, sauti ikiwafuata juu ya maji. "Wewe wa namba! Ulishawaambia watu wote hapa kwamba utaniandika. Uongo huo sasa utimize."

Umetimizwa. Umeandikwa sitahani, karibu na bomba la moshi, kwenye joto, chai ya maziwa ikiwa pembeni, na yule aliyeuandika akiwa amelipa shilingi saba, mara yake ya kwanza kulipia kitu chochote tangu safari ianze. Inakiriwa hapa kwamba hakutumwa na gazeti hili wala jingine. Alijiita mwandishi kwa sababu alikuwa na njaa, na alitaka kuona kama watu wazima wataamini. Waliamini wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa akimlisha.

Mhariri akiona habari hizi zinafaa, azichape, maana Liuli wanangoja kusomewa. Akiona hazifai, anaombwa kwa heshima na taadhima azitupe hukohuko Dar es Salaam, asizirudishe kwa anwani ya Mkuu wa Shule.